Utafiti juu ya Jenereta ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Umeme umekatika tena. Redioni wamesema mafundi wako kazini. Maana yake hakuna anayejua. Mke wangu ana mayai kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Mashine si yetu. Ni ya kikundi chao cha akina mama, inazunguka nyumba hadi nyumba, na zamu hii ni yake. Mayai yakiharibika, zamu nyingine ni mwakani, ila maneno yataanza papo hapo. Kaka yake, jirani yetu wa ukuta mmoja, ametupitishia waya kutoka kwenye jenereta yake. Mke wangu amenikabidhi fedha ninunue ya kwetu. Haraka, kasema, kwa sababu fadhila za kaka yake huja na hotuba.

Nimemjibu kwamba kitu kama hiki hakinunuliwi kwa pupa. Kinataka utafiti.

Jumanne, 4 Juni
Nimeingia maduka matatu. Kote swali ni moja: nataka jenereta ya kuwasha nini? Nikasema vitu. Vitu gani? Vya nyumbani. Muuzaji mmoja akamwita mwenzake aje anione.

Fundi umeme aliyekaa kwenye benchi akaniambia nijumlishe wati za vyombo vyangu vyote, na chenye mota, kama friji, nikihesabu mara tatu, maana kinapoanza kuzunguka hula zaidi. Maneno ya vitabuni hayo. Mimi nataka kuona kwa macho.

Shemeji ameifunika jenereta yake gunia kama bibi harusi. Ina nguvu kiasi gani? Kumuuliza siwezi. Nilishatamka mbele ya mkewe kwamba mambo ya umeme niulizwe mimi. Lakini nani kasema siwezi kuiuliza jenereta yenyewe?

Jumatano, 5 Juni
Jaribio la kwanza: nimekwenda kwa shemeji kuomba kuchaji simu. Jenereta haikubadili hata sauti. Dharau.

Jaribio la pili: nimerudi na shati, nikaomba kupiga pasi. Hapo ikaguna! Iliguna hasa, kama mtu aliyeongezewa mzigo mgongoni. Nikazima pasi, ikapumua. Nikawasha, ikaguna. Ajabu tupu. Nimenyoosha shati, suruali, mapazia mawili na soksi. Mke wa shemeji akauliza kama nina safari. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. “Mhandisi, hata soksi? Kesho si utatuletea godoro!”

Acheke. Mimi ninasonga mbele.

Alhamisi, 6 Juni
Mke wangu kauliza jenereta iko wapi. Nimemweleza kwamba utafiti umefika hatua nyeti. Akasema vifaranga wanatoka Jumamosi, hivyo hatua nyeti ni ya kwao.

Ijumaa, 7 Juni
Jaribio kuu. Shemeji yuko kazini. Mkewe kanifungulia, akaona birika la umeme mkono huu na pasi mkono ule, akatikisa kichwa na kurudi jikoni.

Nikawasha birika. Ikaguna. Nikaongeza pasi. Ikanguruma, halafu sauti ikashuka, nzito, nzito zaidi, na taa ya ukumbini ikawa njano kama bizari. Furaha ya namna ile sijaipata tangu maabara ya shuleni. Nimeujua mpaka wake! Nikasubiri kidogo nione kama kuna mpaka mwingine.

Upo. Moshi. Kisha kimya.

Katika kimya kile nikasikia sauti ya mke wangu ng’ambo ya ukuta, ikiniita jina langu lote, mpaka la babu.

Waya wa mayai! Niliusahau kabisa.

Nimemkuta anajaza maji ya moto kwenye chupa, anazipanga ndani ya mashine, anaifunika kwa blanketi letu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema neno moja tu, bila kunitazama: “Nenda.”

Nilikimbia. Muuzaji akauliza ninataka ya kuwasha nini. Nikamwambia mayai. Akanipa.

Jumamosi, 8 Juni
Wametoka! Si wote, lakini kapu limejaa na halinyamazi. Mke wangu kalia, kacheka, kisha ndipo akanigombeza.

Shemeji alileta hotuba yake. Ndefu. Fundi aliyeitwa kuifungua jenereta alipangusa ubavu wake kwa kitambaa, na wati zikaonekana, tarakimu kubwa kama za namba ya gari. Akanigeukia. “Mzee, si ungefunua gunia tu?”

Sasa shemeji anavuta umeme kwetu. Mimi nimekatazwa kukanyaga kwake hata na kiberiti.

Jumapili, 9 Juni
Umeme bado. Jenereta yetu inabeba balbu za vifaranga na taa za shemeji bila kuguna. Nimesoma ubavu wake wote, mpaka jina la kiwanda. Nimemwambia mke wangu kwamba somo limeniingia: kila kitu kimeandikwa, kazi yangu ni kusoma. Ameniamini kiasi cha kwenda kikundini kutoa taarifa na kuniachia vifaranga.

Isipokuwa kuna skrubu ndogo kando ya injini, imezibwa kwa rangi nyekundu. Hiyo haina maandishi yoyote. Kama haifanyi kitu, mbona wameiziba?

Nimepata bisibisi. Robo mzunguko tu, nisikie itasemaje.