Maneno Meupe Kwenye Kitabu cha Mwalimu Nuwa

Jumatatu, 10 Machi 2025
Nimeipata kazi! Mama Yunia, mjane wa Mwalimu Nuwa, amepita mbele ya duka la Anastasie, mpinzani wangu wa uchapaji, bila hata kugeuza shingo, akaingia dukani kwangu. Anastasie amebaki mlangoni na kalamu sikioni. Bwera nzima imeona.

Ameniachia daftari la marehemu. Kurasa arobaini za hesabu, kwa Kiswahili, kwa ajili ya watoto waliokuja kutoka Beni, Kongo, ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga. Mwalimu alimaliza kuliandika wiki ileile aliyofariki. Jumamosi anatimiza mwaka kaburini, na Mama anataka kitabu kisomwe kwenye ibada, halafu watoto wagawiwe. Ameomba kitu kimoja tu: mistari inyooke. Mumewe aliandika ubaoni miaka thelathini bila rula na mstari haukuwahi kupinda. Ikipinda, watu watasema si kitabu chake.

Nimemwambia aondoe wasiwasi. Sikumwambia kwamba mumewe ndiye aliyenikamata na karatasi ndani ya soksi siku ya mtihani. Hakunichapa. Aliandika neno moja kwa kalamu nyekundu: Rudia. Nikarudia mwaka mzima, na madogo wakiniita babu.

Jumanne, 11 Machi
Siku mbaya. Maneno yanakaa vizuri, lakini kila penye mlinganyo ndani ya sentensi mstari unatanuka kama umevimba. Nikaibana nafasi kati ya mistari kwa nguvu. Loo! Sehemu zote, nusu na robo, zimekatwa vichwa. Ukurasa mzima wa namba zisizo na vichwa, zimesimama kimya zinanitazama. Nikaiachia haraka.

Halafu kuna ile milinganyo inayokaa peke yake kwenye mstari. Nimeandika mmoja kushoto, pale pale alipouweka Mwalimu. Nikabonyeza kwenda mstari wa chini. Mlinganyo ukaondoka. Ukatembea wenyewe mpaka katikati ya ukurasa, ukasimama hapo. Nikaurudisha. Ukaenda tena. Nikatoa mkono kwenye mausi, nikaukalia. Mlinganyo bado uko katikati.

Ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka mlangoni saa tano asubuhi, sioni duka la Anastasie. Daftari linanuka chaki. Daftari la karatasi, chaki ya wapi?

Jumatano, 12 Machi
Mimi ni fundi jamani! Kwa hasira nimeandika kando ya mlinganyo: Tulia hapo. Ukarudi! Ukajikunja, ukakaa kwenye mstari na adabu zake zote. Nikafuta maneno, ukaondoka. Nikayaandika tena, ukarudi. Kumbe hautaki kuachwa peke yake.

Basi nimeyapaka maneno rangi nyeupe. Karatasi nyeupe, maneno meupe, nani atayaona? Nimechapa ukurasa mmoja kujaribu. Safi kabisa, mstari umenyooka kama wa Mwalimu mwenyewe.

Anastasie amekuja eti kuazima kibanio cha karatasi. Amechungulia, akasema niko naumiza kichwa ya bure. Mutu anabonyeza tu kale kamushale kando ya mlinganyo, anachagua ikae mu mustari, na aya anaipanga kwa chini, basi. Nikamwambia kila mtu na duka lake. Ameondoka na kibanio changu.

Jumapili iliyopita niligeuza kibao chake cha njiani, sasa mshale unaelekeza chooni. Bado hajagundua.

Alhamisi, 13 Machi
Milinganyo mia na kumi na mbili, na kila mmoja unataka neno. Mwanzoni niliandika chochote. Tulia. Kaa. Usinichoshe. Mchana nikajikuta naandika kwa Mwalimu moja kwa moja. Najua bado umenikasirikia. Kibao cha Anastasie ni mimi. Ile karatasi ya kwenye soksi niliiiba mezani kwako, ukiwa umetoka kunitafutia kalamu maana nilisema sina. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Lilitoka lenyewe, na mlinganyo ukakaa pale pale nilipolimaliza.

Ila wa ukurasa wa thelathini na moja umekataa. Nimeandika sentensi nne nyeupe, uko katikati tu. Nikafungua daftari nione Mwalimu aliuweka wapi. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, pameandikwa: Rudia.

Jumatatu nilipitia daftari lote. Sikumbuki wekundu wowote.

Nimefunga duka saa nane mchana. Nimemwambia jirani kwamba tumbo linanisumbua.

Ijumaa, 14 Machi
Nimefungua faili asubuhi. Mlinganyo wa ukurasa wa thelathini na moja umekaa kushoto, umenyooka. Sikuugusa, naapa. Sikutaka kuuliza maswali. Nikachapa nakala zote mbio mbio.

Mama Yunia amekuja na binti yake, Ronah. Macho ya Mama hayana nguvu siku hizi, kwa hiyo ameweka ukucha chini ya mstari, akauvuta polepole mpaka mwisho wa ukurasa. Ukucha haukukwama popote. Akasema ni yeye, ni Nuwa kabisa. Akanishukuru kwa Lhukonzo, lugha yetu: wasingya, wasingya sana, mara nyingi mpaka nikaona aibu. Aibu yenyewe haikudumu.

Ronah ameomba na faili, aiweke kwenye simu. Nimempa. Faili ni faili tu.

Jumamosi, 15 Machi
Nitaandika kwa kifupi.

Ukungu uliingia kanisani na watu. Picha ya Mwalimu mbele, watoto wa Beni benchi la kwanza, vitabu vimefunikwa kwa kitambaa. Mimi nimekaa mbele pia, na koti. Kumbe Ronah ameweka kwenye simu ile sauti inayomsomea mama yake, kwa sababu ya macho. Akaisogeza kwenye kipaza sauti.

Sauti ya mwanaume. Ya polepole, haina haraka. Simu haijui kusoma hesabu, ikawa inaruka kila mlinganyo na kusoma maneno tu. Yote. Simu haijui kitu kinaitwa cheupe.

Tafuta thamani ya namba hii, ikasema. Tulia hapo. Zidisha pande zote mbili. Najua bado umenikasirikia.

Mtoto mmoja akaitazama picha, akahamia benchi la nyuma. Sauti ikaendelea. Kibao cha Anastasie ni mimi. Nikasikia Anastasie nyuma yangu akimwita Yezu na Maria. Nikainua kola ya koti mpaka masikioni. Ikaja karatasi, ikaja soksi, ikaja kalamu niliyosema sina. Wazee waliosoma nami wakageuka wote pamoja.

Tukafika thelathini na moja. Nilisubiri sentensi zangu nne. Hazikuja. Sauti ilisema: Rudia. Halafu tena: Rudia.

Ronah akarukia simu. Mama Yunia akamzuia mkono, akaomba aiache kidogo. Haikusema tena. Akauliza aliyechapa yuko wapi. Nikasimama. Akaniuliza mbele ya watu kama na hilo neno la mwisho ni langu.

Nikasema hapana, Mama.

Ndipo akalia. Amekaa mwaka mzima, alisema, anangoja huyo mwanaume amwambie hata neno moja, na limekuja ndani ya uchafu wangu. Akasema hawezi kuwapa watoto kitabu chenye maneno yaliyojificha chini ya jina la mumewe. Vitabu vikarudi ndani ya gunia. Watoto wa Beni wametoka mikono mitupu, na daftari limekwenda kwa Anastasie.

Jumatatu, 17 Machi
Anastasie amemaliza saa nne asubuhi. Kamushale! Watoto wamepita hapa mlangoni na vitabu vyao, wengine wamevibeba kichwani. Kibao chake ameshakigeuza, na sasa kinaelekeza moja kwa moja kwake.

Nimetafuta neno Rudia ndani ya faili yangu yote. Kompyuta inasema halimo. Zile sentensi zangu nne nazo hazimo.

Nimekaa nikafikiri kwa makini kosa langu lilikuwa wapi, na nimelipata. Kosa ni Kiswahili. Simu zinakijua Kiswahili. Mchana huu mzee mmoja wa Bwesumbu, ambaye hakuwa kanisani, ameniletea kijitabu cha kupima dawa ya kahawa, kimejaa milinganyo. Safari hii maneno meupe nitayaandika kwa Lhukonzo. Simu gani inajua Lhukonzo?

Nimeshaanza. Nimeandika neno la kwanza, lakini mlinganyo umekwenda katikati. Duka linanuka chaki. Naongeza la pili.