Habaryar Ramlo Alivyolifunga Mdomo Jiko la Kuni

Sogeeni, watu wa Bula Iftin na nyinyi mlio ng'ambo ya mto, wenye masikio na wenye kusikia wanachotaka tu. Wekeni simu chini, fungeni mbuzi, mnyamaze kidogo. Nina vita vya kuwasimulia. Si vile vya mababu na ngamia. Hivi vilipiganwa Ijumaa iliyopita, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, jikoni kwetu, na mimi niliviona vyote kutoka nyuma ya pazia, kwa sababu wageni wakija mimi huwa nyuma ya pazia.

Sifa ni zake Habaryar Ramlo, mdogo wa mama yangu, binti Abshir, Mshika Mwiko, Mkoroga Unga, mwanamke asiyeogopa nyoka wala chifu. Kitu kimoja tu duniani kilikuwa kimemshinda, nacho ni jiko. Jiko hilo la matofali na udongo lilijengwa na kikundi cha akina mama, wakaliachia mdomo mpana ambao mbuzi mzima angeingia akageuka akatoka. Upepo wa Garissa, adui asiyelala, ulikuwa unaingia humo bila hodi, unakuta kuni za mathenge, ule mti wa miiba, ambazo zina hasira tangu zikiwa mti, na wawili hao wakishikana moto ulinguruma kama lori la ng'ombe. Ukimwaga anjera, ule mkate wetu mwembamba wa unga wa maji, kwenye daawo, lile bamba la chuma, inaungua chini kabla haijafungua hata jicho moja, yaani kitundu, juu. Na anjera bila macho, nyinyi wenyewe mnajua, si anjera.

Aliyejua zaidi ni mama mkwe wake, Eeddo Rukiyo, Simba Jike wa Tarbaj. Idi iliyopita alichukua anjera ya Ramlo, akaigonga kwenye sahani, ikalia ko, akasema mbele ya wanawake wote, "Kumbe mwanangu analishwa ngozi."

Basi. Kwetu jina la utani likikushika linakusindikiza mpaka kaburini. Kuna mzee hapa anaitwa Sikio Moja na masikio yake yapo yote mawili. Huko Tarbaj walishaanza kusema Ramlo Ngozi. Na sasa Eeddo alikuwa njiani, akisema atakula asubuhi ya Ijumaa. Anjera ikilia ko mara ya pili, jina limepigwa muhuri.

Kwa hivyo Alhamisi shujaa wetu alishika njia ya soko, akaenda kwa Musyoka, Bwana wa Nyundo, Mkamba anayetengeneza masanduku ya bati.

"Nataka mlango," akasema Ramlo.

"Wa nyumba, mama?"

"Wa moto."

Musyoka akaweka nyundo chini. "Na huyo moto atapewa ufunguo, ama atakuwa anabisha?"

"Musyoka, mimi nikiaibika Ijumaa, masanduku yako utauzia paka."

Musyoka akakata debe la mafuta ya kupika, akakunja mifereji miwili ya bati, akaja mwenyewe kuipachika kwenye mdomo wa jiko. Mlango ukawa unapanda na kushuka kama ulimi wa joka. Ramlo alilala akitabasamu.

Kumbe vita havijaanza. Asubuhi, Eeddo, aliyefika jana yake jioni, akiwa ameketi uani kwenye mkeka na chai yake na tende zake, akaingia jikoni Ayeeyo Qali, bibi yangu, Malkia wa Moshi, aliyefukiza vyombo vya maziwa ya ngamia miaka sitini. Akatoa hotuba.

"Fungeni yote. Chombo cha maziwa unatia moshi, unafunika kabisa, kazi inafanyika ndani. Moto na moshi ni wa mama mmoja. Walaahi mtaona."

Tukaona. Yaani hatukuona kitu. Mlango ulishuka, moto ukakosa pumzi, moshi ukajaa kama jeshi, kuku akatoka, paka akatoka, na Ayeeyo mwenyewe akatoka akisema anaenda kutawadha, na saa za sala zilikuwa bado kabisa. Anjera ya kwanza ikatoka nyeupe na mbichi. Mbuzi aliila kwa adabu.

Ramlo akainua mlango wote. Upepo ukarudi na ndugu zake. Anjera ya pili ikawa ngozi. Akajaribu kuushikilia mlango katikati, lakini mkono mmoja unamwaga, mwingine unafunika, na binti Abshir hakuzaliwa na wa tatu. Kila akiuachilia, mlango ulianguka, paa.

"Ramlo," sauti ikatoka uani, "hiyo ni kupika ama umeolewa na fundi wa mabati?"

"Inakuja, Eeddo."

"Na mimi nimekuja tangu jana."

Ramlo akapiga magoti mbele ya jiko. "Sikiliza wewe," akaliambia polepole. "Nimekulisha kuni. Nimekupaka udongo kwa mikono hii. Leo utaniita ngozi?"

Ndipo mimi, niliyetoka nyuma ya pazia mara moja tu kuchukua sinia la mgeni, nikarudi nalo. Juu yake kulikuwa na kikombe kitupu na kokwa mbili za tende, bado zinang'aa mate ya Simba Jike. Ramlo akaziangalia. Akaniangalia. Akazichukua, akainua mlango, akasimamisha kokwa moja kila upande, akauteremsha juu yake. Mlango ukatulia. Chini yake pakabaki mwanya wa kidole cha mwisho, si zaidi.

Na moto, enyi watu, ukashusha sauti. Ukaanza kuongea kama mtu aliyeenda ofisini kuomba sahihi. Ramlo akasema bismillahi, akamwaga, akazungusha mwiko, akafunika, akahesabu pumzi zake. Alipofunua, macho yalikuwa yamefunguka, mamia, kutoka katikati mpaka ukingoni.

Anjera zikaenda uani kwenye sinia lile lile, na Eeddo Rukiyo akachukua ya juu. Akaigonga kwenye sahani. Haikulia. Akaiinua juani, akaitazama muda mrefu, akala, akala nyingine. Kisha akasema, "Kokwa zangu niliziacha kwenye sinia."



Akasimama, magoti yakalalamika, akaenda jikoni, akainama, akaona. Akarudi mkekani. Akachukua tende ya tatu, akaila taratibu, akamwekea Ramlo kokwa mkononi.

"Weka akiba, zile zitaungua. Mathenge haina huruma."

Halafu akapiga simu Tarbaj, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. "Hapana, si Ngozi. Nimesema hapana. Mwambieni na huyo mwingine."

Basi wajulisheni watakaozaliwa: kwamba palikuwa na upepo ulioingia popote ulipotaka, mpaka siku ile ulipofika jikoni kwa Ramlo binti Abshir, ukakuta mlango, na tangu hapo unaingia kwa kipimo cha kokwa ya tende.