Kuomba Idhini ya Kupunguza Mtu Mzito

Ghorofa ya tatu, Bukoto,
Kampala.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Idhini za Upasuaji,
Mfuko wa Tiba wa Wazee wa Sare,
Ntinda.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba upasuaji wa kupunguza tumbo huanza siku mgonjwa anapolazwa. Sivyo. Huanza mezani kwako, na hapo ndipo tumbo langu lilipo mpaka leo, zima, lenye njaa, likisubiri saini.

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni Tarcisio Ogwal, mkaguzi mstaafu wa polisi. Nilifundisha makuruta Kiswahili na gwaride, na kwa kuwa kwenye gwaride kazi yangu ilikuwa kutoa amri na si kukimbia, mwili wangu ulipata nafasi ya kukua bila kusumbuliwa. Daktari wangu aliweka chombo chake kifuani pangu, akasikiliza muda mrefu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha akasema, "Mzee, moyo huu unabeba watu wawili, na umechoka. Bila upasuaji siwezi kukuahidi mwaka." Jambo lenyewe ni hilo. Yanayofuata ni manung'uniko, nami nimeyapanga kwa namba kama nilivyowafundisha wengine kuandika maelezo ya kosa.

1. Mzani. Mlitaka uzito uliopimwa na kuthibitishwa. Mzani wa kliniki ya hapa kwetu huishia kilo mia na ishirini. Nilipoupanda, mshale ulizunguka duara lote ukarudi pale ulipoanzia, na kwa kitambo kidogo nilikuwa mtu asiye na uzito wowote. Muuguzi akanielekeza kwenye mashine ya kusaga ya Bwana Onen, kule Kamwokya. Nilikwenda na jirani yangu Wahabi, mwanajeshi mstaafu, anishike mkono. Tukapanga foleni nyuma ya akina mama wenye magunia. Zamu yangu ilipofika nikapanda kwenye bamba la chuma, na Wahabi akasema kwa sauti ya kambini, "Afande, usipumue, hapa wanapima mali ya watu." Mama mmoja akamuuliza Onen, kwa upole kabisa, kama mimi ni wa kukoboa ama wa kusaga.

Onen ana stakabadhi za aina moja tu. Akaandika kwa mwandiko mzuri: mahindi makavu, kilo 138. Kamati yako imeirudisha ikiwa na maneno mawili, "Mwombaji aeleze." Naeleza. Mimi si mahindi. Hata huo ukavu si wangu.

2. Sharti la kupungua kabla ya kupunguzwa. Mnasema mwombaji atoe kwanza kilo kumi ili aonyeshe nia. Mtu anayeweza kutoa kilo kumi kwa nia yake haji kwenu. Anakwenda kwa fundi cherehani. Hata hivyo nilitii, maana nimekula kiapo cha utii na sikumbuki kukitapika. Niliacha sukari. Niliacha posho, ule ugali wetu wa jioni. Nilikula sukumawiki nikiwa nimekaa wima kama mtu anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Zilipotoka kilo nne nikafika ukurasa wa pili wa masharti, unaosema kwamba mwombaji akishuka chini ya kiwango fulani hastahili tena upasuaji. Mimi ni mrefu, na hesabu yangu inaonyesha kwamba kilo kumi zenu zinanivusha mpaka huo. Yaani nikishindwa, sina nia. Nikifaulu, sina ugonjwa. Naomba mniandikie unene kamili ninaopaswa kuushikilia, nami nitaulinda kama nilivyolinda ghala la silaha.

3. Majirani. Kanuni zenu zimetungwa na watu ambao, nadhani, hawana majirani. Sisi tuliozika wenzetu katika miaka ile mibaya ya ukimwi tunajua kwamba katika mji huu mtu hapungui bure. Shingo ikianza kuonekana, watu hushusha sauti. Moreen Ajwang, mama wa Kisumu anayeuza samaki chini ya jengo letu, aliniona nikipumzika kwenye ngazi akashtuka. "Mzee, mbona umeisha hivi? Na mke wako yuko tu anaangalia?" Jioni akapanda na samaki mzima wa kukaanga. Ijumaa Wahabi akaleta pilau kutoka msikitini, akasema amenisomea dua na kwamba pilau ni sehemu ya dua. Padri wetu Abwola akaja na mafuta ya wagonjwa mkono mmoja, na mkono wa pili bakuli la mboga zilizoungwa kwa odii, ile siagi yetu ya karanga na simsim. Mafuta yale sikuyahitaji bado. Bakuli nililipokea.

Mheshimiwa, sisi watu wa kaskazini hatukirudishi chakula cha pole. Ni kama kumwambia mtu kwamba machozi yake yana chumvi nyingi. Kilo nne zikarudi, na moja zaidi ikazifuata kwa shukrani. Kwa hiyo naomba ofisi yako imtume mtu mwenye barua rasmi, asimame kanisani na msikitini, atangaze kwamba Mzee Ogwal akionekana amekonda, amekonda kwa idhini.

4. Neno lenyewe. Hapa nivumilie, maana ualimu haustaafu. Kwa Kiswahili uzito ni kilo, na uzito ni heshima. Tunamwita mtu mzito yule ambaye akikohoa kikao kinanyamaza. Mtu mwepesi tunamtuma sigara. Barua zenu zote zina kichwa kinachosema "Kupunguza uzito wa Mzee Ogwal", na karani aliyeziandika hakufafanua ni uzito upi. Ukoo wangu hunipigia simu kuamua mambo ya mashamba na ndoa. Mwezi uliopita waligombana juu ya ng'ombe, wakanitafuta, nikasema neno moja na ng'ombe akarudi alikotoka. Nikitoka hospitali nina tumbo la ukubwa wa yai, nani atanisikiliza? Kuku akichinjwa, firigisi hupewa mimi. Je, nitaitafuna kwa siku tatu mbele ya wageni, au mtateua mrithi? Naomba Kamati iandike wazi kwamba kisu kitapita kwenye kilo tu, na kwamba heshima itashonwa ilipokuwa.

Nakiri kwamba mshauri wenu wa saikolojia alinisaidia katika hili, ingawa hakukusudia. Aliniuliza kama huwa nakula ninapohuzunika. Nikamwambia hapana, mama, mimi nakula chakula kinapokuwepo. Akaandika kwa muda mrefu sana.

5. Watu wawili. Baada ya kutafakari haya yote nimepata njia itakayomaliza kesi hii bila kuwasumbua tena. Daktari amethibitisha, kwa sahihi na muhuri, kwamba moyo wangu unabeba watu wawili. Nyinyi mmesajili mmoja. Hilo ni kosa la ofisi, na kosa la ofisi hurekebishwa na ofisi. Naomba yule wa pili asajiliwe kwa namba yake mwenyewe. Aitwe Ogwal Mdogo, ingawa si mdogo. Yeye ndiye mla pilau, mpokea mabakuli, mwenye kuonekana kwenye mzani wa Onen. Mimi nitaendelea kusubiri idhini yenu kwa uvumilivu wa askari, hata miaka kumi ikipita, na yeye apasuliwe wiki hii. Endapo mtaona ni hatari kuwatenganisha, basi mkubali kwamba mnamchelewesha mtu asiye na hatia kwa sababu ya mwenzake, jambo ambalo hata kwenye rumande ya zamani tulilionea aibu.

Tangu barua yenu ya mwisho, Mheshimiwa, sijasikia lolote kutoka Ntinda. Simu inakaa mezani mbele yangu kama mshukiwa aliyeamua kunyamaza. Ngazi za jengo hili nazishuka kwa nadra, nikipumzika kila ghorofa kwenye kiti walichoniwekea majirani, na watoto wamekiita kituo cha polisi. Nacheka nao. Lakini nikifika juu hunichukua muda kabla sijaweza kusema neno, na mke wangu husimama mlangoni akinitazama kifua.

Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, waliokubali na waliokataa. Msalimie karani wa mapokezi, aliyenipa viti viwili bila kunitazama vibaya. Msalimie dereva wa ofisi na mama wa chai, na umwambie mandazi yake nayakumbuka kwa huzuni ya kisheria.

Nabaki mtiifu wako, kwa ujumla wangu wote,

Tarcisio Ogwal
Mkaguzi wa Polisi (mstaafu)

Baada ya barua:

Mheshimiwa, mimi ni Adoch, bibi ya huyu mzee. Amenipa barua nilete Ntinda, sababu ngazi imemshinda leo. Nimeisoma hapa chini kwa Moreen. Kiswahili ni kizuri, lakini usiifuate.

Idhini mlishatoa. Katibu wenu alipiga simu Jumatatu, nikapokea mimi, akasema kitanda kipo na daktari yuko tayari. Nikampelekea mzee simu, akanitingishia kichwa, akaninong'oneza niseme amesafiri Lira kwa mazishi, nami nikasema. Lira hakuna mtu amekufa. Tangu siku hiyo amekaa mezani anaandika hii malalamiko. Huyu alikuwa anaamuru watu mia tano uwanjani, sasa anaogopa kulala asiamke. Mimi pia naogopa hiyo, lakini mimi naiogopa kila siku, hata bila kisu.

Nguo zake nimeshapanga kwa begi. Wahabi amesema atamshika mkono mmoja, mimi nitashika mwingine.

Usimjibu kwa barua, maana atakujibu. Piga simu leo, kabla ofisi haijafunga. Nitapokea mimi.