Wauza Samaki Watatu Mbele ya Profesa

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa pili
Félicien tena! Sisi wawili ni asistanti wa fizikia hapa Bunia, nafasi ya doctorat, shahada ya uzamivu, ni moja, na Profesa mgeni anakuja Alhamisi kuchagua. Félicien atazungumzia vitone vya mwanga uliochanganyika na maada. Kila kitone kina upande wake, kama sindano ya dira. Ukitaka vilivyo jirani vipingane, eti vyenyewe hutafuta mpangilio unaovifaa vyote, hata vikiwa vitatu. Shefu wa idara alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Mimi hajanitabasamia hata siku moja. Wivu unaniwasha mwili mzima.

Jumanne, tarehe 10
Nimempata! Watatu hawawezi kupingana wote. Wawili wakipeana mgongo, wa tatu ageukie wapi? Nitaonyesha kwa watu hai. Sokoni kuna wauza samaki watatu waliogombania mzigo wa samaki kutoka bandari ya Mahagi-Port; hata kanisani hawaketi benchi moja. Nimemwambia kila mmoja, kwa siri, kwamba Profesa atasikiliza kesi yake. Mmoja wao, Mama Suzanne, kaapa: “Miye siwezi angalia uso ya wale wamama!” Safi kabisa.

Alhamisi, tarehe 12
Félicien alipomaliza, nikasimama. Nikatangaza kwamba ameandaa pia jaribio la watu. Jaribio lake, nikarudia, ili aibu iwe yake peke yake. Viti vitatu, pembetatu. Akina mama walipoonana, kelele! Kisha kila mmoja akanyakua kiti chake, akakigeuza nje, akaketi. Migongo yote katikati, hakuna anayemwona mwenzake! Profesa akaruka juu. Akasema ndivyo mwanga ule unavyojipanga, wala hajaona maelezo mazuri hivi. Félicien, mjinga yule, akakana, akasema wazo si lake. Profesa akamsifu kwa unyenyekevu.

Jumamosi, tarehe 14
Nafasi kapewa Félicien. Nimelia. Ilikuwa mikononi mwangu, nikampa mwenyewe kwa sauti kubwa. Wale akina mama sasa wamepatana: wote watatu hawaniuzii samaki.
Lakini kosa nimeliona. Viti vilikuwa vyepesi mno! Na kozi anayoiacha Félicien wamempa asistanti mpya, Christella. Christella! Ataanza Jumatatu. Nimeshamwagiza seremala benchi tatu nzito, zisizogeuzika, na nimemwambia azilete darasani kwa jina la Christella.