Mkato wa Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Daktari wa Meno amekuja dukani saa nne. Si kwa kuchongewa mhuri. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha walenga shabaha, wale wanaokusanyika Jumatano na Jumamosi nyuma ya ukumbi wa mikutano kutoboa magunia ya nyasi kwa pinde za kisasa. Pinde gani zile? Kapi huku, kapi kule, nyaya, darubini. Baiskeli iliyogongwa na lori.

Anataka nimchongee kibao cha shaba. Jumamosi chama kitamkaribisha mwindaji wa zamani azungumze, kisha mshale wake utundikwe ukutani moja kwa moja. Nikarekebisha kola ya shati. Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba nitajitahidi nisiongee sana. Akanitazama kama anayetafuta jino bovu. Akasema mgeni wao ni kaka yangu.

Kaka! Na kibao kisomeke: MWINDAJI ALIYEMWANGUSHA KULUNGU DUME KWA MSHALE MMOJA.

Miaka thelathini na moja nachonga majina ya watu kwenye vikombe vya ushindi. Jina langu halijachongwa popote ila mlangoni, na hapo nimejichongea mwenyewe. Sasa nimchongee Kaka kulungu wangu.

Niandike hapa, maana nyumbani hakuna anayetaka kusikia tena. Kulungu yule nilimpiga mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Kaka kumi na tisa. Mishale yangu mitatu nilikuwa nimeshaimaliza kwa kanga mmoja, ambaye hakudhurika. Kaka akanipa mmoja wa kwake. Nikavuta, nikaachia, kulungu akaenda chini. Lakini kwetu mnyama alikuwa wa mwenye alama. Kila mtu alikata mikato yake kwenye mti wa mshale, karibu na manyoya: baba mmoja, Kaka miwili, mimi mitatu. Baba akauchomoa ule mshale, akahesabu miwili, akampa Kaka mkono. Kaka akaupokea. Hakusema neno. Miaka arobaini na sita hajasema neno.

Mke wangu amesema nile kabla chakula hakijapoa.

Jumanne, 4 Juni

Sikuchonga kibao. Nimesema mashine inasumbua. Mashine imekaa pale mezani inanitazama, nzima kabisa.

Nimepanda kiti nikauteremsha upinde wangu kutoka juu ya kabati. Niliufunika kwa shuka kuukuu, vumbi limepita vilevile. Ah, siku zile! Baba alikuwa akiugonga mti kwa kidole na kusikiliza kabla ya kuukata. Akishaukata, unakaa juu ya moshi wa jikoni miezi na miezi, na ole wako uuguse. Kamba tulisokota kwa mishipa ya mnyama, tunailainisha kwa meno hadi taya linakufa ganzi. Mti wa mshale ukipinda unaupasha kwenye makaa, unaunyoosha taratibu, unafumba jicho moja, unaangalia tena. Siku nzima kwa mshale mmoja. Hakuna aliyelalamika. Ukipiga ukakosa ulijua nani amekosa. Leo mtu akikosa anafungua maagizo ya kiwandani.

Mpango: kesho ni siku yao ya mazoezi. Nitakwenda na upinde huu. Watamwona mwindaji, watajua wamemwalika asiyestahili.

Jumatano, 5 Juni

Sitaki kuandika.

Haya, naandika. Nilifika saa kumi, upinde begani, kofia nimeiinamisha kidogo. Vijana wa benki, mwalimu mmoja wa hesabu, Daktari wa Meno na glovu yake ya mkono mmoja. Na Kaka, naye ameshika lile dude la makapi! Mtoto wa baba yetu! Nikawahutubia. Nikawaambia upinde wa kweli hauna skrubu. Nikavuta hadi sikioni.

Upinde wa mti lazima upakwe mafuta, usipopakwa unakauka, na ukikauka hauvutwi hadi sikioni. Kila aliyekulia kwetu anajua. Mimi pia najua. Nilikuwa na haraka. Ulikatika kwa mlio wa chaga ya kitanda. Kipande cha juu kilinipata kidevuni. Cha chini kilikwenda kuangusha chupa ya chai ya chama. Mshale wenyewe ulidondoka kwenye kiatu changu.

Hawakucheka mbele yangu. Waliingia ukumbini kwa zamu wakachekea huko.

Kaka akaviokota vipande, akavifuta, akavifunga kwenye koti lake, akanipa. Ametoka kwenye foleni yake ya kulenga ili anifungie vipande. Huruma yake ndiyo iliyonikata maini. Angecheka ningemsamehe.

Alhamisi, 6 Juni

Kaka kaja dukani asubuhi na bahasha ndefu. Ndani, mshale. WENYEWE. Kumbe ameutunza miaka yote hii ndani ya kitambaa cha pamba. Nilipouona nilisikia harufu ya ile siku, majani yaliyolowa na jasho langu mwenyewe. Manyoya yamebanduka upande mmoja. Anaomba niyagandishe kabla ya Jumamosi, kwa sababu mikono yake siku hizi inatetemeka na macho yana ukungu.

Akasema hana mwingine wa kumwamini nao. Akauacha juu ya meza, akaenda zake. Hata risiti hakutaka.

Nimeuzungusha mkononi. Mikato miwili, myembamba, imepakana. Baada yake nafasi tupu, ya kutosha mkato mmoja. Mmoja tu! Nafasi kama hii imekaa miaka arobaini na sita ikinisubiri.

Mpango: Jumamosi Kaka atauinua mshale atambe. Mimi nitasimama, polepole, niulize kama mzee mwenzangu anaweza kutueleza maana ya ile mikato. Ataeleza. Nitaomba ihesabiwe. Itahesabiwa. Nitakaa chini bila kusema zaidi. Nimefanya mazoezi ya kukaa chini mbele ya kioo.

Saa saba nilitundika kibao cha IMEFUNGWA. Nimechonga mihuri ya mahakimu mimi, mkato mmoja kwenye mti ni kazi ya pumzi tatu. Lakini nilikaa nao saa nzima kabla ya kuukata. Nilidhani ni njaa.

Ijumaa, 7 Juni

Mkato ulikuwa mweupe kama jino jipya. Nikaupaka masizi. Ukawa mweusi mno. Nikasugua. Nikapaka dawa ya viatu ya kahawia, nikasugua kwa pindo la shati. Sasa hata mimi sijui upi ni upi. Kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na siwezi kumwonyesha mtu.

Mke wangu ameona vidole vyangu. Akauliza tangu lini napiga viatu rangi. Nikasema tangu leo. Akatazama viatu vyangu vyenye vumbi. Baadaye akasema kwamba kama nina jambo na Kaka, nimfuate nimwambie, kwa sababu Kaka si mtu wa kunila nyama. Wanawake hawajui uwindaji.

Kaka kaja kuuchukua mshale jioni. Kapapasa manyoya, kafurahi. Mikato hakuiangalia, na angeiangalia asingeiona. Akaniomba kesho niketi mbele. Akasema ana jambo lake la siku nyingi, na linanihusu. Nikaitika. Nikajua, anataka nimpigie makofi kwa karibu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeketi mbele. Watu arobaini hivi, na binti yake Kaka pembeni na chupa ya maji. Swali langu nilikuwa nalo mfukoni, limeandikwa.

Kaka alizungumza vizuri, mbwa yule. Alieleza mti, moshi, kamba, makaa. Alieleza jinsi baba alivyopima upepo kwa kurusha vumbi. Nilijikuta natabasamu, nikajizuia. Kisha akauinua mshale. Akasema amekubali mwaliko huu kwa sababu moja tu.

"Kulungu yule sikumpiga mimi," akasema. "Alimpiga mdogo wangu, yule pale. Mshale ndio ulikuwa wangu, una mikato yangu miwili. Baba alihesabu akanipa mkono, nami nikanyamaza. Nimeona haya tangu siku ile."

Nilitaka ardhi inimeze. Haikuwa na haraka.

Kaka akampa Daktari wa Meno mshale ahakikishe. Daktari akavaa miwani yake ya kazini. Akahesabu. Akahesabu tena. Akasema kwa upole kwamba anaona mitatu. Kaka akasema haiwezekani, mitatu ni ya mdogo wake. Mwalimu wa hesabu akaitwa. Mitatu. Kijana wa benki akauliza, kama mshale ulikuwa wa mdogo mtu, kwa nini baba ampe mkono mkubwa mtu? Kaka akauchukua mshale. Akaupapasa ule mti kwa kidole gumba, mara moja, mara mbili, kama anayetafuta swichi gizani. Akasema alikuwa na hakika. Akasema pengine anachanganya na siku nyingine. Kisha akasahau alikuwa akisema nini.

Watu walicheka kidogo, kicheko cha upole, kile cha kumchekea mzee. Binti yake akampelekea maji. Daktari wa Meno akanigeukia mimi. Akaniuliza mbele ya watu wote mshale ni wa nani.

Nilisimama. Angenipa kulungu bure! Alikuwa ameshanipa. Lilibaki neno moja tu la kusema, na neno hilo lilinuka dawa ya viatu. Nikasema Kaka amechoka, mpeni kiti.

Nikakaa chini. Vizuri kabisa, kama kwenye kioo.

Jumatatu, 10 Juni

Daktari wa Meno tena. Kamati imekaa. Mzee mmoja anasema miwili, mti unasema mitatu, sifa alipata mmoja, kupiga kapiga mwingine, na chama hakitaki kuingia katika mambo ya familia. Kibao cha kulungu basi. Wanataka kingine, kidogo zaidi, kwa maneno haya: MSHALE WA KALE. MWENYEWE HAJULIKANI.

Nimekichonga. Herufi zimelala sawa. Nilipofika HAJULIKANI ilibidi nitoke nje nivute hewa.

Jumanne, 11 Juni

Kaka kaja dukani kwa miguu. Binti yake kamnyang'anya ule upinde wa makapi, na funguo za nyumba pia. Anasema mtu asiyejua mikato yake mwenyewe ataacha jiko linawaka. Wiki ijayo anampeleka kwa daktari wa kichwa. Kaka alieleza yote haya bila hasira, akitazama mashine yangu.

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Kanyoa vibaya, kaacha nywele shavuni. Yeye, aliyekuwa akininyoa mimi.

"Mdogo wangu," akasema, "ulikuwepo. Nilikupa ule mshale, au sikukupa? Ukisema nilikupa nitaamini, nitalala."

Nilikuwa nalo jibu, fupi, hata mtoto angeweza kulitamka. Lakini nikisema ulinipa, litafuata swali la mkato, na la mkato likitoka nitamtazama vipi? Naye mke wangu? Na Daktari wa Meno, anayeleta kazi za vikombe vyote vya wilaya? Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili nalifungia. Niliogopa na niliona aibu, nikasema ni zamani mno, Kaka, nami sikumbuki vizuri.

Kaka akainuka. Akasema asante. Mlangoni alisimama akauliza njia ya kwao ni kulia au kushoto. Amepita njia ile miaka ishirini. Sasa haamini hata miguu yake.

Nimemsindikiza hadi kwenye kona. Nilimshika mkono. Mkono wake mwepesi sana.

Alhamisi, 13 Juni

Sijala tangu juzi. Mke wangu amejua yote, sijui kwa njia gani. Hakupiga kelele. Amesema leo hii nivae viatu niende nikamwambie Kaka ukweli, kwamba kichwa chake ni kizima na kibovu ni changu. Nikasema nitakwenda. Ni kweli kabisa, nitakwenda. Nimevaa hata kofia.

Nikiwa mlangoni binti yake Kaka akafika. Anasafisha chumba cha baba yake kabla ya safari ya daktari, hataki kuona vitu vyenye ncha. Akaniomba nimhifadhie podo la zamani dukani. Akaliweka juu ya meza, akashukuru, akaenda.

Nimelifungua ili kuona tu kama wadudu hawajaingia. Mishale kumi na mmoja, kila mmoja na mikato miwili na nafasi tupu baada yake. Ule wa nguruwe wa mtoni umo. Ile ya paa wawili wa mwaka wa ukame imo. Hata ule wa chui aliyekuwa akila mbuzi wa jirani, ambaye kijiji kizima kilimbeba Kaka mabegani kwa ajili yake, umo. Hao wote aliwapiga Kaka, sibishi. Mimi siku ya chui nilikuwa juu ya mti.

Lakini nani anakumbuka? Baba hayupo. Kaka mwenyewe hana hakika. Na kwa haki, mtu aliyeibiwa kulungu mmoja kwa miaka arobaini na sita anadai fidia kidogo.

Kwa Kaka nitakwenda wiki ijayo, akishatulia. Kumwambia sasa ni kumchanganya zaidi. Nimevua kofia. Nimemwandikia Daktari wa Meno kwamba niko tayari kuzungumza Jumamosi, habari ya chui, na kwamba ushahidi nitakuwa nao.