Kadi Yenye Jina la Mutinda

Jumapili, 7 Septemba 2025

Leo Ubao wa Mavuno umesimamishwa mbele ya kanisa. Kitambaa cha kijani, pini, na nafasi kubwa. Kila muumini amepewa kadi. Unaandika jina la mtu mmoja ambaye hajaokoka, unaibandika, tunaomba mwezi mzima, kisha Jumapili ya mwisho unamleta. Na kati ya walioleta watu, Pasta atachagua mwenyekiti wa uinjilisti. Kiti cha mwenyekiti kina mikono. Nimekitazama ibada nzima.

Bedan wa bucha amebandika kadi tatu. Tatu! Nawajua wote. Ni shemeji zake wa Mwihoko, na waliokoka mwaka juzi, na mwaka jana pia. Huyo Bedan anavuna shamba lililokwisha kuvunwa.

Mimi kadi moja tu, kwa herufi kubwa. Jina: MUTINDA WA MICHE. Uhusiano: RAFIKI. Nilipoandika hilo neno la mwisho mkono ulitetemeka. Si mchezo. Mutinda ana miaka sitini na minane na kifua kibovu, na mimi naamini ninachoamini: akifa hivi alivyo, amepotea. Sitaki apotee. Pia nakitaka kile kiti. Mungu anayaona yote mawili, kwa hiyo sina haja ya kujificha humu.

Jumatatu, 8 Septemba

Saa nne nimefunga kibanda changu cha kushonea sare za shule, nikavuka barabara hadi kwenye kitalu cha Mutinda na chupa ya chai ya Wangechi, mke wangu. Tunakunywa chai hivi miaka kumi na moja sasa. Yeye ana kigoda chake, mimi nina kreti langu la soda, ambalo alilipaka rangi ya buluu na kuliwekea gunia kwa ajili ya mgongo wangu. Yeye huleta viazi vitamu. Tunaongea juu ya mvua, wanasiasa na magoti yetu. Habari za Mungu hatujazigusa tangu alipomzika mke wake, Mwongeli, miaka minne iliyopita.

Leo nimezigusa. Nilianza kwa mbali. Nikamwuliza, akifa leo ataenda wapi? Akasema Ngoliba, kule mbele ya Thika, kando ya Mwongeli, mahali pako tayari. Nikasema naulizia roho. Akauliza kama chai ya leo ina tangawizi.

Nimemsimulia Wangechi. Akasema, "Wachana na mzee wa watu, Kiama." Nikamwambia nyumba ya jirani ikishika moto hunyamazi kwa sababu ya adabu. Akasema anaenda kuepua maharagwe. Maharagwe hayakuwa motoni.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya baraka! Mutinda alienda Thika mjini kununua karatasi za kupandia miche, akaniomba nimwangalizie kitalu. Ana miche sitini ya avokado aliyoipandikiza wiki tatu zilizopita, oda ya Mama Janice wa Membley. Ni kazi ya mkono mwepesi. Anachonga kijiti cha mti mzuri, anakiingiza kwenye shina la mche wa kienyeji, anakaza kwa utepe wa plastiki, kisha anangoja vishikane. Aliniambia nimwagilie maji na nisiguse utepe.

Nilikaa pale na vikaratasi vyangu vya aya za Biblia. Ghafla nikaona. Anayenunua mti ananunua pia kilichofungwa juu yake! Na Mutinda mwenyewe, akifungua utepe, atakutana na aya uso kwa uso. Mara sitini!

Nikafungua tepe zote, moja moja, nikazungushia kila shina kikaratasi, nikafunga tena. Fundi ni fundi, nilimaliza kabla ya saa nane. Vijiti kadhaa vilichomoka. Nilivirudisha.

Mutinda alirudi, akanishukuru sana, akanipa nanasi alilonibebea kutoka Thika. Tamu ajabu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilikuwa nimewadokezea akina mama wa kwaya wapite wamsalimie Mutinda. Wamepita sita, na kayamba. Waliimba katikati ya miche, beti zote. Mutinda alivua kofia, akasimama mpaka wakamaliza, kisha akawauliza wanataka miche ya avokado au ya mukima, ule mti wa mbao. Wawili walinunua mukima.

Wakati wa kuondoka wakamwambia wanamwombea kwa jina kila asubuhi. Akaniuliza jina lake wamelitoa wapi. Nikasema Roho hufunua. Bahati mbaya Bedan alikuwa anapita na baiskeli, paja la mbuzi nyuma, akapaza sauti, "Si uko kwa board, mzee! Kiama amekuandika herufi kubwa!"

Mutinda alimimina chai yake kwenye mche.

Jumapili, 14 Septemba

Amekuja! Mutinda amekuja kanisani! Nilikuwa mbele na daftari la mahudhurio, maana mimi ndiye katibu, na nusura nipige kelele. Alivaa lile koti jeusi nililomshonea kwa mazishi ya Mwongeli. Alisimama karibu na mlango hadi tukafika kwenye matangazo. Kisha akatembea taratibu katikati ya viti, akafika ubaoni, akatafuta kadi yake, akaisoma yote, upande wa mbele na wa nyuma. Akaitoa pini. Akaikunja, akaitia mfukoni. Pini akaiweka kwenye meza ya Pasta ili isimchome mtu. Akatoka.

Bedan akaninong'oneza kwamba anayeingia na kutoka hahesabiwi.

Nilimwandika kwenye ukurasa wa wageni hata hivyo. Mutinda: yupo.

Alhamisi, 18 Septemba

Siku mbaya. Sijui nianzie wapi.

Miche imekauka. Vijiti vimekuwa vyeusi, majani yameinama. Nilipofika saa nne Mutinda alikuwa amekaa chini, kisu mkononi, anafungua tepe. Mbele yake ametandika gunia, na juu yake amepanga vikaratasi vyangu vilivyolowa, kwa mistari, kama anavyopanga mbegu. Hakuuliza ni nani. Aliuliza kwa nini tu.

Nikamwambia kweli. Kwamba nampenda. Kwamba nyumba yake inaungua na mimi ni jirani. Nilisema vizuri, hata machozi yalinijia.

Akaendelea kufungua. Kisha akasema, bila hasira, "Nyumba yangu iliungua ule mwaka wa Mwongeli, Kiama. Si ulikuwa hapa? Lakini hukukuja na maji. Ulikuja na kalamu."

Akaongeza kwamba kama ningetaka kumwambia ninachoamini, angenisikiliza, kwa sababu mtu huambiwa na mtu. Lakini mimi nilingoja aende Thika. Nilirudi kibandani, sikushona hata kifungo.

Nitaandika, maana hakuna anayesoma. Mwongeli alikuwa muumini wa kanisa letu, na alilala kitandani miezi saba. Kanuni yetu inasema muumini asipohudhuria miezi sita mfululizo, kanisa halimziki. Kila Jumapili mimi ndiye niliyeita majina. Nilijua aliko. Siku sita za wiki nilikunywa chai na mume wake, akinieleza amekula nini na amelalaje. Na kila Jumapili, nikifika kwa jina lake, niliandika: hayupo. Kwa sababu hakuwepo. Alipokufa, kamati ilifungua daftari langu, na hakuna aliyetumwa Ngoliba. Mpwa wake, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeomba kaburini. Mimi nilienda peke yangu, nikasimama nyuma ya watu.

Inaniuma kifuani nikiandika haya. Lakini daftari ni daftari. Ningedanganya?

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeenda saa nne na chupa ya chai. Juu ya kreti langu la buluu kuna miche, imejaa, hakuna pa kukaa. Mutinda akasema, "Habari ya asubuhi, Bwana Kiama." Bwana! Miaka kumi na moja hajawahi kuniita bwana. Nikasema nzuri. Nilisimama pale kama mteja. Nikanunua mche wa mukima, nikaondoka. Hatuna hata pa kuupanda.

Wangechi ameuweka kwenye debe karibu na mlango. Ananipa chakula lakini haongei. Kibanda changu kinatazamana na kitalu, kwa hiyo siku nzima namwona Mutinda akinywa maji ya chupa, saa nne ikifika, peke yake. Sikujua kuwa mtu anaweza kukosa viazi vitamu namna hii.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimemwandikia barua ya kumwomba msamaha. Nilianza asubuhi, nikaimaliza saa saba. Ni barua ya kweli. Niliandika habari za daftari, miezi saba, na jinsi nilivyosimama nyuma ya watu. Niliandika kwamba miche nitailipia kwa kushona. Chini ya ukurasa palibaki nafasi, na nafasi tupu haipendezi, nikaongeza aya tatu za wokovu.

Wangechi ndiye aliyeipeleka.

Jumatano, 24 Septemba

Jibu limekuja. Mutinda ameikata barua kwa kile kisu chake cha miche, mstari ulionyooka kabisa. Sehemu ya juu ameibakiza. Ya chini, yenye aya, amenirudishia.

Wangechi anasema niifurahie ile iliyobaki kwake. Halafu akanipa ujumbe. Kati ya miche sitini, mmoja umeshika. Mmoja tu. Mutinda ataupanda Ngoliba Jumapili hii, kando ya Mwongeli. Anasema tukitaka, twende naye, sisi wawili. Tubebe chai. Mimi nisibebe kitabu chochote.

Nimelia kidogo. Naandika wazi. Nilienda mlangoni nikamtazama ng'ambo ya barabara, naye akainua mkono. Kreti langu halina miche juu. Nimemwambia Wangechi tutaenda.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimekumbuka: Jumapili hii ndiyo ya kuchagua mwenyekiti. Pia ni nani atakayeita majina nisipokuwepo? Bedan amejitolea. Bedan! Atawaandika shemeji zake mara mbili mbili.

Nimetafuta njia. Niliuliza kama mti unaweza kupandwa Jumatatu. Wangechi akasema Mutinda hajanialika kwa ajili ya mti. Nikasema basi naye aje kanisani asubuhi, dakika kumi tu, asimame mbele na mimi, halafu twende sote Ngoliba kwa furaha. Akaniuliza kama niko serious. Niko serious. Ilionekana kwangu njia inayomfaa kila mtu.

Akaenda kuepua maharagwe.

Jumapili, 28 Septemba

Saa moja Wangechi ameondoka na chupa ya chai. Mutinda alikuwa anamngoja upande wa pili, mche umesimama ndani ya debe, amevaa koti jeusi. Alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshika daftari. Akavua kofia kidogo, nami nikainua mkono wenye kalamu. Walipokuwa wakienda hawakugeuka. Kreti la buluu lilikuwa tupu, limeegemezwa ukutani wima, ili mvua isiingie ndani.

Kiti amepewa Bedan. Pasta alinipongeza kwa bidii.

Niliita majina. Nilipofika kwa Wangechi wa Kiama, kanisa likageuka kutazama benchi la akina mama. Nilijua aliko. Saa hiyo atakuwa amepiga magoti kwenye udongo wa Ngoliba, anashindilia shina kwa viganja, na Mutinda anamwagilia maji. Nilimwona kabisa. Nilikaa na kalamu hewani mpaka Pasta akakohoa.

Nikaandika: hayupo.

Baada ya ibada Pasta ametangaza kwamba Ubao wa Mavuno unaendelea Oktoba nzima. Bedan alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kadi. Mimi wa pili. Nimeijaza pale pale mezani, kwa herufi kubwa. Jina: WANGECHI. Uhusiano: MKE. Mkono haukutetemeka.