Sauti ya Marehemu na Nakala ya Profesa

Jumanne ya tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, umeme ulirudi mtaani kwa hasira. Ulikuwa umekatika tangu juzi yake, na wenye mamlaka ya kuurudisha waliurudisha wote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemwaga ndoo. Taa zikapasuka, friji zikanguruma na kunyamaza, na kompyuta za mtaa mzima zikafuka moshi. Wakubwa wakatangaza kwamba hitilafu ilikuwa ndogo. Kwao ilikuwa ndogo kweli, maana haikufika wanakokaa.

Mtu mmoja tu alifurahi. Huyo ni fundi kompyuta aliyepanga chumba jirani na duka la viatu, ambaye watu walimwita Profesa kwa sababu ya miwani. Alisoma wapi hakuna ajuaye, na miwani yenyewe aliinunua kwa mchuuzi, vioo vitupu. Lakini ulimi alikuwa nao. Profesa angeweza kumuuzia mtu kivuli chake, kisha amdai na nauli ya kukibeba.

Alijua jambo moja ambalo wateja wake hawakulijua. Umeme ukiunguza kompyuta, mara nyingi huunguza bodi na pawa sapai, kile kisanduku kinachopokea umeme, lakini diski, ile inayohifadhi picha na sauti za watu, hutoka salama. Mwili unakufa, kumbukumbu inabaki. Mwaminifu angewaambia watu hivyo na kulala usingizi mzuri. Profesa alivuta kiti, akafikiri, na kufikia adhuhuri mpango ulikuwa umeiva.

Akiletewa boksi lililoungua, alilifungua kwa bisibisi, akalinusa, akatikisa kichwa kama daktari anayetoka wodini. Diski imekufa, akasema. Mteja akishakata tamaa, Profesa humshika bega na kumkumbusha kwamba mwaka jana alikuja kuifuta vumbi kompyuta hii, na siku hiyo, bila kuombwa, kwa mapenzi tu, alichukua nakala ya kila kitu. Nakala ipo. Ila matunzo yana gharama. Mteja alilipa huku akimwombea baraka, na kesho yake akakabidhiwa nakala, ambayo ilikuwa diski yake mwenyewe, imebanduliwa stika na kuvalishwa kava jipya. Hata mwenyekiti wa mtaa, ambaye hajawahi kumshukuru mtu tangu achaguliwe, alimshukuru.

Siku ya tatu akaja Mzee Spana, fundi magari mstaafu, amekumbatia kompyuta yake kifuani.

Mzee Spana ni mgane. Mkewe alikuwa akiuza nyuzi na vifungo katika chumba cha mbele cha nyumba yao, kinachotazama barabara kubwa. Kuandika kulimchosha mama yule, kwa hiyo kila jioni alikaa mbele ya kompyuta, akabonyeza, akaisimulia habari za siku: nani kampandisha hasira, nani kaolewa, mume wake kaacha tena viatu katikati ya njia. Alipougua, hospitali haikuwa na dawa, na waliopaswa kuileta walikuwa kwenye semina. Tangu amzike, mzee alisikiliza sauti moja kila asubuhi na chai yake. Sasa alikuwa akinywa chai na ukimya.

Profesa aliinusa kompyuta, akatikisa kichwa, akashika bega. Nakala ipo, mzee wangu. Lakini kwa huyu hakutaka pesa. Alikwishakiona kile chumba cha mbele, na mlango wake wa barabarani ulimtoa mate.

"Nipe chumba," alisema kwa upole, "nikupe mke."

Mzee akauliza kama hawezi kupewa diski tu, akaichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Profesa akacheka kwa huruma. Diski iliyozoea bodi moja, alieleza, ukiitia kwenye kompyuta isiyofanana nayo inagoma kuwaka, kama mke wa mtu. Hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa na ukweli wake. Alichoacha kusema ni kwamba ukiichomeka pembeni kwa waya, kompyuta yoyote itaifungua na kusoma yaliyomo bila matata.

Mzee alirudi nyumbani akamsimulia shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu, fundi cherehani anayeshonea jikoni kwake kwa kukosa nafasi. Shemeji huyo alikwisha kukiomba chumba kile mara mbili. Mara zote mzee alikataa. Kilikuwa bado kinanukia marehemu. Sasa alikuwa tayari kumpa mgeni.

Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wewe umefanya kazi gereji maisha yako yote. Ulishanunua gari bila kuliwasha?"

Wakaenda pamoja. Kwa Profesa kulikuwa na foleni, na mwenyekiti yuko mbele, anataka kujua kama nakala yake inaweza kupunguzwa picha fulani fulani. Profesa, kwa kuwa watu walikuwepo na sifa ni tamu, alikubali kuifungua nakala ya mzee hadharani. Akaichomeka diski pembeni kwa waya. Zikatokea sauti mamia, hazina majina, tarehe tupu. Shemeji akanyoosha mkono, akashika mausi, akashuka nazo taratibu, akabonyeza moja.

"Fundi ametoka sasa hivi," ilisema sauti ya marehemu, na Mzee Spana akashika ukingo wa meza. "Kafuta vumbi, kanywa vikombe viwili vya chai, na kaondoka na waya wangu wa kuchajia simu. Mume wangu namficha, maana atasema nawadhania watu vibaya."

Shemeji akasimamisha sauti.

"Profesa, nakala ulichukua lini?"

"Siku ile ile ya vumbi, mama."

"Ukatoka nayo?"

"Nilitoka nayo mfukoni."

"Sasa hiyo nakala ya mfukoni mwako imesikiaje umbea uliosemwa ulipokwisha kuondoka?"

Profesa akaivua miwani, akaipangusa, akairudisha. Akaeleza kwamba nakala nzuri, iliyotunzwa vizuri, huendelea kukua yenyewe, kama nywele. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akauliza kama na yake imekua. Muuza viatu ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kilipoisha foleni yote ilikuwa imeelewa imeuziwa nini. Profesa akawaomba radhi waungwana, akasema pesa zao ziko chumba cha nyuma, anakwenda kuzileta. Ni kweli zilikuwa chumba cha nyuma. Mlango wa uani ulikuwa huko pia, na alivitumia vyote viwili.

Mzee Spana hakumfuata. Aliichomoa diski yake, akaitia mfukoni, na wiki hiyo hiyo, kwa shukrani, akamkabidhi shemeji ufunguo wa chumba cha mbele. Cherehani ikaingia, nguo zikatundikwa mlangoni, wateja wakaja. Mtaa ukasema mzee amefanya la maana.

Asubuhi moja alimpelekea shemeji chai. Kabla hajabisha alisikia sauti ya mkewe humo ndani, inasimulia ule mkasa wa waya, na shemeji anacheka. Mzee akapapasa mfuko. Diski ilikuwemo.

Akausukuma mlango. Shemeji hakuwahi kuifunika kompyuta yake ndogo.

"Dada alinipa nakala," alisema, akitazama kitambaa. "Alipokuwa bado na nguvu. Alisema wewe utaipoteza yako."

Mzee akaweka kikombe juu ya meza, polepole, kisimwagike. Shemeji akakanyaga cherehani ikanguruma. Akashona upindo mzima, akakata uzi, akaanza upindo mwingine ambao haukuhitaji kushonwa. Mzee akangoja ipate kunyamaza.

"Kwa hiyo Jumanne ile ulikuwa nayo tayari," alisema. "Sasa, shemeji, mbona uliniacha nikalia mpaka nikatoa chumba?"